Seli T za Ngozi Zilizo Nje ya Kanuni: Maelezo na Mapendekezo ya Istilahi

Miongoni mwa maandishi yaletwayo ofisini kwetu ili lugha yake isanifiwe, yale ya tiba ya ngozi ndiyo yanayotupa taabu kubwa zaidi siku hizi. Sababu yake si uhaba wa maneno. Kuhusu maradhi ya ngozi Kiswahili ni tajiri: tunayo ukurutu, choa, mba, upele, chunjua, lengelenge, donda ndugu na mengineyo mengi ambayo mzungumzaji hahitaji kamusi ili ayaelewe. Taabu huanza pale mwandishi anapotaka kueleza ni kwa nini ukurutu unawasha, au kwa nini kidonda hiki kimepona na kile kimekataa. Hapo hana budi kuzitaja seli zilizomo ndani ya ngozi, na majina ya seli hizo yametungwa katika lugha za kigeni na watu waliokuwa na haraka, kila mmoja kwa sababu zake.

Kijitabu kimoja cha wagonjwa kilicholetwa kwetu kilikuwa na sura juu ya mabaka yaletwayo na dawa. Mfasiri wake alikutana na jina la Kiingereza ambalo tamko lake la kwanza lina maana ya kitu kilichotengenezwa na vilevile ya kitu kilichoganda mahali pamoja, na tamko lake la mwisho hutumika kwa volkeno inayolipuka na vilevile kwa vipele vinavyotoka. Akachagua vibaya mara mbili, na mgonjwa akaelezwa kwamba anaugua "mlipuko wa dawa uliotengenezwa". Twaweza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Ugonjwa huo una alama moja kubwa: mtu akimeza dawa fulani, mathalani dawa za salfa, baka humtokea mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Akiiacha dawa, wekundu hupoa na weusi hubaki. Akiimeza tena, hata kama ni baada ya miezi mingi, baka huwaka palepale, mara nyingi katika muda wa saa chache tu. Mgonjwa aliyelielewa jambo hili atamwonyesha daktari baka lake na kuitaja dawa. Mgonjwa aliyesoma habari za mlipuko uliotengenezwa hana la kumwambia daktari, na yumkini ataandikiwa dawa ileile.

Kinacholirudisha baka mahali pale ni seli za aina ya T zilizokaa ndani ya ngozi. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kuzieleza seli T za ngozi ya binadamu, hususan zile ambazo wataalamu wanasema si za kawaida, na papo hapo kupendekeza namna ya kuzitaja kwa Kiswahili. Maelezo ya sayansi yatatangulia, kwa sababu istilahi isiyotanguliwa na maelezo ni kofia isiyo na kichwa.

Seli T na kanuni yake

Neno seli limekwisha kuenea shuleni, ingawa wapo wanaopendelea chembe hai. Sisi tunashika seli, kwa kuwa chembe imebebeshwa mizigo mingi mno: kuna chembe ya mchanga, chembe ya mtama, na chembe cha moyo ambacho si chembe hata kidogo. Herufi T imetokana na jina la tezi iitwayo timasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambamo seli hizo hukomaa. Kazi ya tezi hiyo katika kinga ilidhihirishwa mwaka 1961 na Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London. Aliiondoa tezi kwa panya wachanga, na panya hao walipokua wakaipokea bila kuikataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wa ukoo mwingine. Msomaji ataona kwamba tangu mwanzo habari ya seli T ilikuwa pia habari ya ngozi.

Kuhusu neno kinga hatuna la kubadili, ila lafaa kutazamwa vizuri. Wengi hulichukua kwa maana ya ngao tu. Lakini mtu akiweka ndoo chini ya bati mvua inaponyesha, twasema anakinga maji. Hapo kukinga si kuzuia, bali ni kupokea kile kinachokuja na kukishika. Maana zote mbili zinahitajika katika somo hili, kwa sababu seli T haizuii chochote kabla haijakipokea na kukitambua. Sehemu yake inayopokea imeitwa kipokezi, nasi tunaiunga mkono istilahi hiyo bila masharti.

Kipokezi hicho, kwa seli T zilizo nyingi, hakitambui kitu kizima. Hakimwoni bakteria akiogelea wala virusi vikipita. Kinatambua kipande kifupi cha protini, kiitwacho peptidi, na tena pale tu peptidi inapokuwa imeshikwa na kuonyeshwa juu ya seli nyingine na molekuli maalumu. Jambo hili liligunduliwa Canberra na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliolitangaza mwaka 1974: seli T za panya aliyeambukizwa virusi ziliua seli zenye virusi vilevile endapo tu seli hizo zilikuwa na molekuli za kuonyeshea zinazofanana na za panya huyo. Wagunduzi hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Mwaka 1987 umbo la molekuli mojawapo ya aina hiyo lilichorwa, na ikaonekana kuwa juu yake kuna mfereji ambamo peptidi hulala.

Molekuli hizo wataalamu huziita kwa kifupi MHC, na kwa binadamu HLA. Virefu vya vifupisho hivyo havieleweki hata vikifasiriwa, maana vilitungwa wakati watu walipokuwa wakishughulika na upandikizaji wa viungo na si na maambukizo. Tunapendekeza jina la kazi: kionyeshi, na kwa wingi vionyeshi. Linafuata ngeli ya ki-vi, linatokana na kitenzi kinachojulikana na kila mtu, na linaacha nafasi kwa vionyeshi vya aina nyingine tutakavyovitaja hivi punde. Vifupisho MHC na HLA vibaki vilevile kwa matumizi ya maabara.

Kwa nini "nje ya kanuni"

Sasa, zipo seli T zisizofuata utaratibu huo. Nyingine hutambua lipidi badala ya peptidi, nyingine hutambua vijimolekuli vinavyotokana na utengenezaji wa vitamini, nyingine zina kipokezi cha muundo tofauti kabisa. Kwa Kiingereza zimekusanywa chini ya jina moja lenye maana ya kutofuata mazoea. Wafasiri wetu wamejaribu majina kadhaa, na majaribio hayo yanastahili kupimwa moja moja.

"Seli T ngeni" haifai kabisa. Katika elimu ya kinga, neno geni limekwisha kukabidhiwa kazi ya kutaja kitu kisicho cha mwili, kinyume cha kile kilicho cha mwili wenyewe. Seli T tuzitajazo ni za mwili, tena nyingine huzitambua lipidi za mwili wenyewe. Tukiziita ngeni tutakuwa tumempoteza mwanafunzi mlangoni. "Seli T za ajabu" ni lugha ya gazeti. "Seli T zisizozoeleka" ni afadhali, lakini inategemea ni nani hajazizoea. Baada ya miaka 20 zitakuwa zimezoeleka na jina litabaki likisema uongo. "Seli T zisizo za kawaida" inaeleweka, nasi hatuna ugomvi nayo katika maelezo ya jumla. Kasoro yake ni kwamba haisemi ni kawaida ipi.

Sisi tunapendekeza seli T za kanuni kwa zile zinazotambua peptidi juu ya vionyeshi vya MHC, na seli T za nje ya kanuni kwa zilizobaki. Kanuni inayokusudiwa ni ile ya mwaka 1974, ambayo ina tarehe na wagunduzi, na kwa hiyo haitabadilika kwa mazoea. Mwenzetu mmoja alidai kwamba "nje ya kanuni" inazifanya seli hizo zionekane kama wahalifu. Hatuoni hivyo. Walimu wa lugha husema kila siku kwamba neno fulani liko nje ya kanuni, wala hakuna neno lililofungwa jela kwa sababu hiyo.

Lipidi na kionyeshi CD1

Tutakawia kidogo hapa, kwa kuwa ndipo ngozi inapotofautiana na viungo vingine vyote.

Katika tabaka la juu la ngozi, yaani epidemisi, zimo seli zenye matawi kama ya mti, ziitwazo seli za Langerhans. Paul Langerhans alizichora mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, naye akadhani ni seli za neva. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kuthibitika kuwa ni za kinga. (Mtu huyohuyo ndiye aliyevieleza mwaka 1869 visiwa vya kongosho vinavyobeba jina lake, kwa hiyo wafasiri waangalie wasichanganye seli za Langerhans na visiwa vya Langerhans; tumekwisha kuyaona maandishi yaliyokipeleka kisukari ngozini kwa njia hiyo.) Seli hizi zina wingi mkubwa wa kionyeshi kiitwacho CD1a, hata wachunguzi wa maabara hukitumia kama alama ya kuzitambulia.

Herufi CD zikifuatwa na tarakimu ni utaratibu wa kimataifa wa kuorodhesha molekuli zilizo juu ya seli, ulioanzishwa katika mkutano wa Paris mwaka 1982. CD1 ni ya kwanza katika orodha. Hatupendekezi kuutafsiri utaratibu huu. Watu wetu walikwisha kuonyesha njia: katika miaka ya 2000, zahanati zilipoanza kupima wagonjwa wa UKIMWI, mtu asiyejua Kiingereza alisema bila kigugumizi kwamba CD4 zake zimepanda au zimeshuka. Herufi na tarakimu zikiwa na kazi maishani mwa watu, zinakuwa Kiswahili.

Aila ya CD1 ina ndugu watano kwa binadamu, kuanzia CD1a hadi CD1e. Panya wa maabara anayo CD1d peke yake, na hii ndiyo sababu moja ya elimu hii kuchelewa, maana mengi ya kinga tumeyajua kwa kumchunguza panya. Mahali ambapo MHC ina mfereji, CD1 ina mifuko mirefu iliyozama ndani, na mikia ya lipidi hutumbukia humo. Tunasema lipidi, wala si mafuta, kwa makusudi. Mafuta kwa Mswahili ni ya nazi, ya taa, ya gari na ya kupaka. Lipidi ni jina la molekuli, liwe jimbo la mkemia peke yake.

Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba CD1b huionyesha kwa seli T asidi ya mikoli, ambayo ni lipidi ya ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Mpaka hapo ilikuwa ikiaminiwa kwamba seli T hazijui ila protini. Mwaka 1995 ziliripotiwa seli T kutoka katika ngozi ya mgonjwa wa ukoma, zilizomtambua bakteria wa ukoma kwa njia ya lipidi zake zenye sukari, zikionyeshwa na CD1. Bakteria hawa wa kifua kikuu na wa ukoma ni wa jenasi moja, na kuta zao zimejaa lipidi. Si jambo la kustaajabisha kwamba mwili umejiwekea njia ya kuwatambua kwa kile walicho nacho kwa wingi.

Lakini ngozi nayo ina lipidi zake. Tezi za mafuta zilizo kando ya vinyweleo hutoa mchanganyiko wa skwalini, nta na mengineyo, nao huifanya ngozi ing'are na isipenye maji. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba lipidi hizo zikikutana na CD1a zaweza kuziamsha seli T za mtu mwenyewe, bila kuwapo bakteria wala kitu kigeni chochote. Maelezo waliyopendekeza ni haya: kwa kawaida lipidi ziko juu kabisa na seli za Langerhans ziko chini yake, ngozi ngumu ikiwa katikati. Ngozi ikikwaruzwa au kupasuka, vitu viwili vilivyotengwa hukutana, na seli T hupata habari kwamba ukuta umebomoka. Mtu mwenye ukurutu anayejikuna usiku kucha atakuwa akizipelekea seli zake habari hiyo bila kukoma. Vilevile imeonekana, mwaka 2015, kwamba kimeng'enya kimojawapo kilichomo katika sumu ya nyuki huzikata lipidi za mwili na kutoa vipande ambavyo CD1a huvionyesha.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi unatoka mbali. Huko Marekani Kaskazini kuna mmea utambaao, Toxicodendron radicans, ambao utomvu wake, uitwao urushioli, huwatia watu malengelenge na muwasho mkali. Urushioli ni wa jamii ya lipidi. Mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba CD1a huuonyesha kwa seli T, na kwamba panya waliopandikizwa jeni ya CD1a ya binadamu hupata uvimbe mkubwa wa ngozi wanapopakwa utomvu huo. Sasa mmea huo ni wa familia moja na mwembe na mkorosho. Mtoto aliyewahi kula embe bichi lenye utomvu akaungua kando ya midomo, na mbanguaji wa korosho wa Mtwara au Lindi aliyebabuliwa vidole na mafuta ya ganda, wamekutana na kemikali zilizo binamu za urushioli. Utafiti tulioutaja ulihusu urushioli, wala hatusemi kwamba kila jambo lililosemwa juu yake limekwisha kupimwa kwa korosho. Hata hivyo mwalimu wa biolojia anayetaka mfano wa lipidi inayoiudhi ngozi hana haja ya kuuagiza ng'ambo.

Gama na delta

Kipokezi cha seli T zilizo nyingi kimejengwa kwa minyororo miwili ya protini iitwayo alfa na beta. Mwaka 1984 maabara ya Susumu Tonegawa nchini Marekani, ikiitafuta jeni ya alfa, ikaokota jeni nyingine isiyotarajiwa, ikaitwa gama. Mwaka 1986 kikatangazwa kipokezi chenyewe kilichojengwa kwa gama na mwenzake, delta. Majina haya ni herufi za Kigiriki zilizofuatana tu, hayana maana nyingine iliyofichika. Kwa hiyo seli T gama-delta ndiyo istilahi inayofaa, na anayetafuta maana ya kutafsiri ndani yake anatafuta mfupa katika maji.

Katika damu seli hizi ni chache, aghalabu kati ya asilimia 1 na 10 ya seli T zote. Za damuni zilizo nyingi hutambua vijimolekuli vyenye fosfeti vinavyotokana na bakteria. Zile za ngozi na za matumbo kwa kawaida ni za tawi jingine, liitwalo Vδ1. Mwaka 1989 ilionekana kuwa seli T gama-delta hukusanyika kwa wingi katika mabaka ya wagonjwa wa ukoma walio katika kipindi cha mmenyuko, yaani wakati mwili unapozinduka ghafla dhidi ya bakteria.

Hapa yafaa kutahadharisha. Vitabu vingi vya kigeni vinasema kwamba epidemisi imejaa seli T gama-delta zenye matawi. Hilo ni kweli kwa panya, ambaye seli hizo zilielezwa kwake mwaka 1983. Binadamu hana seli zinazolingana nazo. Jeni iitwayo Skint1, ambayo panya anaihitaji ili seli hizo zikomae, kwa binadamu imeharibika na haitoi protini yoyote. Mfasiri asiyelijua hili atampa msomaji ngozi ya panya. Kadhalika, jeni ya kipokezi cha seli hizo za panya huitwa Vγ3 katika hesabu ya kundi moja la wanasayansi na Vγ5 katika hesabu ya kundi jingine, na makala za makundi yote mawili zingali zinasomwa. Wale wanaodhani kwamba utata wa istilahi ni ugonjwa wa lugha changa na wautazame mfano huu.

Jambo moja zaidi kuhusu seli za ngozi linagusa lugha yetu moja kwa moja. Tangu kampeni za UKIMWI, seli za kinga zimeitwa askari wa mwili. Sitiari hiyo ilifanya kazi nzuri na hatuna nia ya kuifukuza. Lakini mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli T za ngozi ya binadamu, za gama-delta na za alfa-beta, hutoa kichocheo cha ukuaji kinachosaidia jeraha kufunga, na kwamba zile zilizochukuliwa katika vidonda visivyopona zilishindwa kuifanya kazi hiyo. Yaani katika donda ndugu walio goigoi si askari peke yao, bali na mafundi. Kijitabu kinachosema kwamba seli T "zinaua adui" na kuishia hapo kimemwacha mgonjwa wa vidonda nje ya habari inayomhusu.

Majina yaliyokosea tangu kuzaliwa

Zipo seli T zinazotambua vijimolekuli vinavyobaki bakteria na hamira wanapotengeneza vitamini B2. Binadamu hawezi kuitengeneza vitamini hiyo, huila tu, na kwa hiyo mabaki ya utengenezaji wake ni ushahidi kwamba kuna kiumbe mwingine. Kionyeshi chake kinaitwa MR1, na siri hii ilifumbuliwa mwaka 2012. Seli hizo zilipewa jina la Kiingereza linalozihusisha na utando ute, kwa sababu zilichunguzwa matumboni. Baadaye zilikutwa kwa wingi damuni na zaidi katika ini, na ngozini pia zimo. Anayetafsiri jina hilo neno kwa neno atakuwa amelihamisha kosa la wengine na kuliandikisha uraia. Tunapendekeza seli T za MR1.

Kwa hoja hiyohiyo tunapendekeza seli T za CD1, na pale inapolazimu kubainisha, seli T za CD1a au za CD1d. Hizo za mwisho zimewahi kufasiriwa kuwa "seli T muuaji wa asili". Mgonjwa aambiwe kwamba ngozini mwake mna muuaji wa asili, kisha atakiwe alale usingizi!

Seli zinazokaa

Mwaka 2006 watafiti wa Boston walikadiria kwamba ngozi ya mtu mzima ina seli T zipatazo bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zinazozunguka katika damu. Nyingi kati yake hazirudi tena damuni. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba wagonjwa wa saratani ya seli T walipopewa dawa inayozimaliza seli T za damuni, zile zilizokaa ngozini zilinusurika. Ndizo zinazofanya soriasisi irudi kwenye kiwiko kilekile, na ndizo, za tawi liitwalo CD8, zinazolirudisha baka la dawa pahali pake.

Kuzipa jina kumetupa shida tamu. Kwa maana halisi, kitenzi kinachofaa ni kulowea: zimezaliwa kwingine, zikaja, zikakaa moja kwa moja. Kwa hiyo seli T lowezi ingekuwa sahihi mno. Lakini neno mlowezi katika nchi hizi lina harufu ya mashamba yaliyoporwa, na kikao cha istilahi hakiwezi kujifanya hakina pua. Wenyeji nalo halifai, kwa kuwa mwenyeji ndiye aliyekuwapo. Tumependelea seli T za maskani. Ieleweke kwamba jina hili linagawa seli kwa makazi na si kwa kipokezi: seli T ya maskani yaweza kuwa ya kanuni, kama hizo za baka la dawa, au ya gama-delta, au ya CD1. Wanaotengeneza majedwali ya shule wasiziweke katika safu moja.

Kwa ugonjwa tulioanza nao tunapendekeza baka rejea la dawa. Wataalamu wa ngozi, wakiwamo wale wa kituo cha mafunzo kilichoko Moshi ambacho kimekuwa kikiwafundisha waganga wa ngozi wa eneo letu tangu 1992, wanakaribishwa kutupinga, hasa juu ya neno baka, kwa sababu mara nyingine alama hiyo huota lengelenge katikati. Kijitabu kile kimekwisha kurudishwa kwa wenyewe, na mahali pa mlipuko uliotengenezwa pameandikwa: "Baka hili hurudi palepale kila unapotumia dawa ileile. Mwonyeshe daktari, umtajie dawa hiyo, na uiombe iandikwe katika cheti chako."